Karani Aliyetuhesabu Matangani

Agosti 1954, siku ya Jumanne, nilifiwa na mke wangu. Tulikuwa tumembeba kitandani kwenda hospitali ya misheni, akakata roho kabla hatujafika nusu ya njia. Kijijini kwetu, upande wa Narung'ombe, hapakuwa na zahanati. Kila tulipoomba, boma lilijibu kwamba tu wachache mno. Hilo lilikuwa kweli. Vijana wetu walikwenda Nachingwea kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya serikali. Karanga zilishindwa, visiki vikabaki, na vijana hawakurudi.

Siku ya tatu ya matanga alifika karani kwa baiskeli, ametumwa kuandika hali ya kijiji: idadi ya watu, makabila, mapato. Alikuwa mgeni kutoka jimbo la mbali. Alikuta uwanja umejaa Wamwera, Wamakua, Wayao, na Wakristo wa misheni waliokuja kunizikia mwenzangu. Mbuzi wawili walikuwa wameshachinjwa, wali unaiva.

Mimi nilikuwa mkekani. Aliyempokea ni mtani wa marehemu, mama mnene aliyejifunga kanga ya mke wangu na kuiga mwendo wake tangu asubuhi, watu wakicheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo kazi ya mtani msibani.

"Karibu, bwana mkubwa. Mimi ndiye mama wa nyumba hii."

"Wote hawa ni wa hapa?"

"Tangu babu zao. Na wengine wako kisimani."

"Chakula chenu?"

"Wali na nyama kila siku. Mihogo tunawaachia nguruwe pori."

"Na pesa?"

"Nyingi, baba. Unamwona mume wangu yule? Analia hajui azifiche wapi."

Karani aliandika yote, hata pale niliponyooshewa kidole. Mtani hakasirikiwi, lakini karatasi ya serikali haina utani. Nikainuka.

"Bwana karani, huyu ni mtani. Hapa ni msibani. Wenyeji hatufiki thelathini, na chakula chetu ni mihogo."

Jumbe, mkuu wa kijiji chetu, alinivuta shati, akaninong'oneza: "Kaa chini, shemeji! Unatunyima zahanati kwa mdomo wako?"

Nilijua anachosema kuliko yeye, maana mabega yangu yalikuwa bado yanauma kwa kile kitanda. Lakini sikuweza kumwombea mke wangu dawa kwa uongo, tena akiwa ameshakufa. Nikarudia maneno yangu.

Karani akacheka. "Msiba wenye vicheko hivi? Kila kijiji nikifika, mzee wangu, hakikosi mmoja wa kujifanya maskini. Mnaogopa kodi tu." Akala sahani mbili za wali, akapanda baiskeli.

Mvua zilipokwisha, jumbe alitusomea jibu. Kijiji chetu kimekua sana, kina makabila mengi na mapato mazuri. Kwa wingi wetu, tumestahili zahanati. Kwa utajiri wetu, tutaijenga wenyewe, na dawa zitaletwa paa likishaezekwa.

Yule mtani wa marehemu alikuwapo. Hakutania. Alisema tu, "Nisamehe, shemeji," akaondoka.

Kesho yake jumbe alipiga ngoma watu waje kufyatua matofali. Tulijitokeza kumi na mmoja, wanne kati yetu vikongwe. Tukachimba udongo mpaka adhuhuri.