Nilivyowasalimia Wenyeji wa Shamba la Zabibu

Niwaeleze taratibu, ndugu zangu, maana haya yanaweza kumpata yeyote aliyelelewa vizuri.

Jumamosi, mchumba wangu Neema alitutoa mjini Rockville, Marekani, mimi na shangazi yake, akatupeleka vilimani kwenye ubaridi unaopendwa na zabibu. Shangazi ndiye mwenye kauli juu ya ndoa yetu, na alitaka kuiona adabu yangu. Neema akatuambia kwamba shamba lile ni la familia moja, wanatengeneza mvinyo wao wenyewe, na jioni kuna muziki nje.

Sasa, ukifika kwa watu, unaanza kwa kuwasalimia wenyeji. Nikaona baraza la mbao, watu wamekaa kimya, wamevaa nadhifu. Nikapanda na mfuko wangu wa maandazi, nikampa mkono kila mmoja, nikauliza habari za mavuno. Mmoja ilimbidi aweke fidla chini ili anipokee. Nikawaza, familia yenye vipaji hii!

Nilipogeuka, umati uliojaa kwenye nyasi ulianza kunipigia makofi. Kumbe nilikuwa jukwaani.

Shangazi akaita kwa sauti, "Baba, imba au shuka!"