Nusu Mzunguko

Kwenye bendi hakuna aliyemwita baba yangu kwa jina lake. Walimwita Kinyume, wala si kwa ubaya. Ngoma yetu ndogo, ile yenye nyaya nyembamba zinazopita chini ya tumbo lake, ambayo sisi tunaiita snea, ina skrubu kumi kuzunguka ukingo. Asiyejua huzikaza moja baada ya nyingine kwa kufuatana, kama anayehesabu watu kwenye foleni, na ngozi huvutwa upande mmoja. Baba alikuwa akimfokea kila anayejifunza: "Kinyume! Kinyume!" Maana yake, ukishakaza hii, ruka uende kwa ile inayotazamana nayo. Alifoka hivyo miaka arobaini, sasa watu wangemwita nani mwingine?

Bendi ni ya manispaa. Tunapiga kwenye ufunguzi wa hiki na kile, kwenye gwaride la wafanyakazi, na kwenye mazishi ya wenzetu. Stoo yetu iko nyuma ya gereji ya zimamoto, chumba kirefu chenye dirisha moja, benchi la mbao lililochakaa, na harufu ya dawa ya kung'arishia shaba ambayo haitoki hata kwenye nguo zilizofuliwa. Pale ndipo baba alipoishi. Nyumbani alikuwa akija kulala na kula.

Alipokuwa akitafuta sauti ya ngoma, ungedhani yuko kwenye ibada. Kwanza aliachia nyaya kwa kile kishikio cha pembeni, zisimpigie kelele. Kisha aliilaza ngoma juu ya blanketi lililokunjwa, akaweka kidole cha kati katikati ya ngozi, kwa wepesi tu, na kugonga kwa kijiti mbele ya kila skrubu. Kumi lazima ziseme neno moja. Ikisema tofauti hata moja, alirudi mwanzo. Baada ya hapo aliigeuza. Ngozi ya chini ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na ukiizidishia nguvu inapasuka mbele ya macho yako. Mwisho kabisa alirudisha nyaya, na hapo alikuwa na neno lake: "Ziiguse ngozi kama unavyogusa paji la uso wa mtoto mwenye homa." Zikibana sana, ngoma inakabwa koo. Zikilegea, inapayuka ovyo.

Mimi ni mtoto wake wa kwanza, na mpiga snea wa bendi ni mimi. Nimeipiga miaka kumi na sita. Watu husema nimerithi mikono. Masikio pia nilirithi, na hayo ndiyo yaliyoniponza.

Baba alistaafu kwenye karatasi tu. Ufunguo wa ngoma, kile kichuma kidogo cha kukazia skrubu, alibaki nao shingoni kwenye kamba ya kiatu, na hakuna aliyethubutu kumwomba. Miaka miwili na kitu iliyopita nikaanza kuona kwamba snea inanijia mikononi ikiwa chini. Mara ya kwanza nilidhani ni mvua, maana unyevunyevu una mambo yake. Gwaride lililofuata ikashuka tena, na lililofuata tena. Ngoma iliyokuwa ikipasua katikati ya tarumbeta kama mtu anayevunja kuni kavu sasa ilinguruma tu na kumezwa.

Kiongozi wetu wa bendi ni kijana mwenye adabu, lakini sikio lake halina adabu kwa mtu. Akanivuta pembeni. "Dada, nikuulize bila kuzunguka. Mzee bado anasikia?"

"Anasikia kuliko mimi na wewe," nikamjibu, mkavu wa macho.

Wiki ile ile nilikwenda nyumbani kwa baba mchana. Kabla sijafika mlangoni nilisikia birika jikoni likipiga mluzi. Liliendelea kupiga nilipokuwa nikivua viatu, na nilipoingia jikoni maji yalikuwa yamekaribia kukauka. Baba alikuwa amekaa hatua mbili kutoka jiko, miwani puani, anasoma gazeti. "Mama, karibu," akaniambia kwa furaha. "Nimebandika maji ya chai, sijui leo yana nini, hayachemki."

Nilizima jiko, na moyo wangu ukazimika pamoja nalo. Sauti za juu zilikuwa zimemwacha. Alikuwa akiishusha ngoma kidogo kidogo akiifuata mahali alipoweza bado kuisikia, na pale chini alipokuwa amefika alizipanga skrubu zote kumi bila kosa. Ngoma ilikuwa kamili, ila chini.

Ningemwambia. Najua ilinipasa kumwambia. Lakini kumwambia fundi wa sauti kwamba hasikii ni kumzika akiwa amekaa, na mimi sikuwa na moyo huo. Nikanunua ufunguo wangu. Kila siku ya kupiga, vyombo vikishashushwa kwenye lori, nilizunguka nyuma yake kama mtu anayetafuta choo, nikakaza ngozi ya juu nusu mzunguko kila skrubu, kinyume kwa kinyume kama alivyonifundisha. Ngoma ikapanda. Tukimaliza, kabla ya kuirudisha stoo, nikalegeza nusu mzunguko ule ule. Jumatatu baba aliikuta kama alivyoiacha. Kiongozi akaacha kuuliza. Nilijiona mtoto mwema kweli kweli.

Siku za gwaride baba alikuwa na mahali pake, kwenye ngazi za posta, ngazi ya tatu. Alisimama pale tupite, nami nikifika mbele yake nilikuwa namwongezea mgongano mmoja wa vijiti ambao haumo kwenye wimbo, salamu yetu. Mwaka ule ule akaacha kuja. Nilipomuuliza akasema miguu. Nikamnunulia dawa ya kuchua. Akawa anajichua kila asubuhi, masikini, miguu ambayo haikuwa inauma.

Aliyenifumbua macho ni Mapafu. Huyu alikuwa mpiga tuba wetu, lile tarumbeta kubwa kupita yote, na kwa upana wake ungedhani alizaliwa amelivaa. Yeye na baba walianza bendi siku moja na walitaniana tangu siku hiyo. Mapafu akimkuta baba ameinamia ngoma humuuliza, "Bado unamtekenya tu? Hajacheka?" Baba naye humjibu, "Wewe endelea kupulizia hilo bomba, siku moja litatoka maji." Kisha mapafu yale yale yaliyompa jina yakaugua. Nilikwenda kumwona nyumbani kwake, chumba cha mbele, mito mitatu mgongoni ili apate pumzi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango."

Nikafunga. Alipumua kwanza, akahesabu nguvu zake, ndipo akasema. "Bendi nzima inapiga inatazama mbele. Mimi wa tuba nasimama nyuma. Nimekuona miaka miwili, nyuma ya lori, na kifunguo chako."

Nilianza kujitetea, akanyanyua mkono.

"Sikulaumu. Ulikuwa unamfichia. Lakini unajua kwa nini baba yako haji tena posta?"

"Miguu, baba mdogo."

"Miguu gani! Alikuja hapa akakaa kwenye kiti hicho hicho akalia. Mwanamume mzima. Akaniambia, stoo naisikia ngoma, nimeiweka kwa mkono wangu, kila skrubu naisikia. Ikitoka njiani, siisikii. Naona mikono ya mwanangu inakwenda, ngoma iko kimya. Anasema masikio yake yamekufa, yanamdanganya akiwa ndani tu. Anaogopa kuja kusimama pale."

Baba alikuwa ameiweka ngoma mahali pekee alipoweza kuisikia, na mimi nikaiondoa pale, mara baada ya mara, kisha nikairudisha asijue. Nilikuwa nimemwibia baba yangu sikio alilobaki nalo, huku nikijisifu.

"Siku yangu ikifika," Mapafu akasema, "iache kama alivyoifunga. Wakinung'unika, wanung'unike. Mimi sitakuwa nasikia, lakini yeye awe anasikia."

Siku yake ilifika baada ya wiki tatu.

Baba aliiweka snea benchini tangu asubuhi na mapema, akaifanyia kazi mpaka jua likafika dirishani. Nilikaa kwenye kreti nikimtazama. Kila alipogonga alifumba macho, na mara mbili alisimama kutafuta leso. Alipomaliza aliifuta ngoma kwa kiganja akanikabidhi kwa mikono miwili. "Ya Mapafu hiyo. Isiseme upuuzi."

"Utakuja, baba?"

"Kuzika nitakuja. Kusikiliza hapana."

Nyuma ya lori mkono wangu uliingia mfukoni wenyewe, kwa mazoea, ukakuta ufunguo. Wakubwa wa manispaa wote walikuwepo. Kiongozi alikuwa ananyoosha mistari, na nilijua wazi kwamba nikiiacha ngoma hivi, kabla ya kona ya kwanza atakuwa ameshajua kila kitu, na baba atavuliwa ile kamba ya shingoni. Nikiikaza, baba atatembea nyuma ya jeneza la rafiki yake akiamini yeye mwenyewe ni nusu maiti. Nilisimama pale nikiugeuza ufunguo vidoleni, mwanamke wa miaka arobaini na moja. Kisha nikatoa mkono mfukoni, mtupu.

Tulianza. Tarumbeta ziliifunika snea kama nilivyotarajia. Kiongozi akageuza shingo mara moja, akageuza mara ya pili, akanitazama kwa muda mrefu. Nikaendelea kupiga.

Kwenye geti la makaburi tarumbeta hunyamaza, ndio utaratibu wetu. Snea peke yake ndiyo humwingiza marehemu ndani, ikiwa imeachiwa nyaya, ili isilie kwa ukali wa gwaride bali kwa sauti nzito iliyo tupu. Nikashusha kishikio, nyaya zikaachia, nikapiga. Moja. Kimya. Mbili za haraka, moja. Kimya. Baba alikuwa nyuma ya jeneza, kichwa chini, amekamata kofia yake kwa mikono yote miwili. Kwenye pigo la tatu au la nne hatua yake ilikatika, mtu wa nyuma akamgonga. Akainua kichwa. Akanitafuta kwa macho, akanipata, na kuanzia pale mpaka kaburini alitembea na ngoma, mguu kwa pigo, bila kukosea hata mara moja. Nilipofika kwenye udongo uliochimbwa nikaongeza ule mgongano wetu wa salamu. Macho yangu yakajaa mpaka nikawa napiga sioni ngozi.

Baada ya mazishi alinijia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya lori, ngoma mapajani.

"Nimeisikia," akasema. "Tangu getini. Leo imekuwaje?"

Nikatoa ufunguo mfukoni nikauweka juu ya ngozi. Aliutazama. Fundi haelezwi sana. Alinyoosha kidole akagusa skrubu moja, kisha ile inayotazamana nayo.

"Kiasi gani?"

"Nusu mzunguko."

"Zote kumi?"

"Zote kumi, baba."

"Na ukawa unarudisha?"

"Nilikuwa narudisha."

"Kazi safi," akasema hatimaye. "Miaka miwili, na sikuona hata siku moja." Kisha sura yake ikavunjika. "Lakini umenitesa, mama. Umenitesa sana. Nilikuwa nakaa nyumbani nikisema basi, kwisha."

Nilimwomba msamaha nikiwa nimeshika magoti yake, naye hakuyaondoa.

Kiongozi alikuwa amesimama kando muda wote huo, kofia kwapani, hajui aje au aondoke. Baba akamwita. "Kijana, ngoma ya leo nimeifunga mimi. Iko chini. Iko chini kwa sababu mimi nasikia chini. Usimwulize huyu, niulize mimi." Akaivua kamba ya kiatu shingoni, akanivalisha mimi mbele ya huyo kijana. Kiongozi alifungua mdomo kusema kitu cha heshima. Baba akamwambia, "Hakuna hotuba, mwanangu. Jumatatu nitakuwepo stoo kama kawaida."

Na Jumatatu alikuwepo. Mimi nilikaza, yeye akaweka kiganja ubavuni mwa ngoma, macho amefumba. "Kinyume," alinikumbusha, kana kwamba nimesahau. Ngoma ilipopita pale anapoishia kusikia, nilijua, kwa sababu alitikisa kichwa polepole. "Endelea," akasema. "Bado naipata mkononi."

Gwaride lililofuata alirudi posta. Hakusimama kwenye ngazi ya tatu. Alishuka mpaka ukingo wa barabara, na nilipomkaribia nikatoka kwenye mstari wangu, hatua mbili kulia, jambo ambalo kwenye bendi yetu ni kosa la kufokewa mbele za watu. Nilipita karibu naye kiasi kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa unapiga huku kiuno kikigusa koti lake. Baba akanyoosha kiganja, akakiweka ubavuni mwa ngoma, akatembea nami hivyo mpaka mwisho wa jengo la posta. Nikampigia salamu yetu. Akacheka. Kiongozi aligeuka, akatuona, akarudisha uso mbele na kuendelea kuhesabu hatua.