Mafuta Niliyomkamulia Binti Yangu

Nimekamua mawese maisha yangu yote. Nilianza nikiwa mtoto kwa mama yangu huko Lweba, na hadi leo mikono inaijua kazi ile yenyewe, hata kichwa kikiwa mbali. Unachemsha ngazi, ndiyo matunda ya mchikichi, unazikanyaga ndani ya pipa, unazipitisha kwenye mashini ya kuzungusha kwa mti, kisha mafuta unayarudisha motoni mpaka maji yote yaishe. Yale yanayopanda kwanza ndiyo matamu. Hayo sikuyauza. Yalikuwa ya nyumbani, na zaidi yalikuwa ya binti yangu. Nayasema haya mwanzoni ili ijulikane kwamba sikuwa mama mvivu. Watu wamenisema mengi, lakini uvivu hawajanisema.

Binti huyo alikuwa wa kwanza. Tulimzaa mjini Baraka, mume wangu akifundisha shule ya msingi pale, nyakati zile za Zaire, chama kimoja na picha moja kila ukuta. Mume wangu alikuwa na abakosti moja ya kijani, lile koti la serikali lisilovaliwa tai, aliyoivaa kazini, kanisani na msibani, na mimi ndiye niliyekuwa naifua. Baada ya binti tulipata mvulana, kisha tumbo likafunga. Watoto wawili tu, kwa watu wa kwetu, hiyo si familia, ni mwanzo wa familia. Lakini tulishukuru.

Mtoto alipofika kama miaka minne, vinundu vilianza kumtoka. Vilikuwa vya njano, vigumu, havina usaha wala homa. Kwanza kwenye viwiko, halafu magotini, halafu nyuma ya vifundo vya miguu, pale mshipa mkubwa unaposhuka kwenye kisigino. Ukivibonyeza hasikii kitu, lakini akitembea mwendo mrefu analalamika magoti. Shangazi za mume wangu walikuja wakakaa kwenye jamvi langu, wakala chakula changu, wakasema kwao hakuna mtu aliyewahi kuwa na ngozi ya namna hiyo. Nilijua wanachosema: ugonjwa umetoka kwetu. Nikatoa sahani. Mganga mmoja alimchanja kwa wembe, akampaka unga mweusi. Mtoto alilia, vidonda vikapona, vinundu vikabaki palepale.

Mwishowe mume wangu akaomba ruhusa kwa mkubwa wake wa shule, akaomba na karatasi ya njia, maana bila karatasi hiyo askari wa kizuizi hawakuachi upite, na karatasi ukiwa nayo pia hawakuachi hivihivi. Tulipanda lori la samaki tukaenda hospitali moja ya mbali, siku mbili barabarani, mtoto nimempakata juu ya magunia ya ndakala, dagaa wa ziwa letu. Dokta wa pale alikuwa mgeni, mtu mpole, mikono yake safi kabisa. Alitoa damu, akatuambia turudi kesho yake, na kesho yake akatuambia turudi tena. Siku ya tatu akamwita mume wangu kando, maana ndiye aliyejua Kifaransa, wakazungumza muda mrefu.

Mume wangu alirudi na karatasi. Damu ya mtoto ina mafuta kupita kiasi, ndiyo yanayoganda chini ya ngozi, na iko siku yataganda kwenye moyo. Dawa ya kuyaondoa hapa haipo. Kilichopo ni chakula. Mafuta ya mnyama asiguse kabisa: nyama ya ng'ombe, siagi, maziwa, mayai. Mafuta ya mimea ndiyo mazuri.

Nikauliza, "Mawese je?"

Mume wangu akarudi kumwuliza. Akaja akitabasamu, mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. "Amesema mawese inatoka kwa mti. Iko mimea. Anaweza kula."

Sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kufurahi kama mimi siku ile. Wengine wanaambiwa dawa iko ng'ambo, iko Ulaya, iko wapi sijui. Mimi dawa yangu ilikuwa uani kwangu, kwenye pipa. Nilirudi Baraka na nguvu mpya. Sombe yake, majani ya muhogo, niliitwanga laini, nikaiwekea mawese mpaka ikang'aa, nikaongeza karanga za kusaga. Maharagwe nayo, mawese. Asubuhi uji wa mahindi na karanga. Maparachichi yalipokuja, nilimpa kila siku. Samaki alikula kidogo. Nyama ikipikwa, yeye nilimpeleka kwa jirani asione wenzake wanakula. Kila Jumamosi alasiri mume wangu alitembea mpaka mashambani kutafuta karanga mpya, na alizibeba mwenyewe kichwani, mwalimu mzima na abakosti yake, watoto wa shule wakimcheka.

Vinundu havikupungua. Viliongezeka, vikafika na vidoleni. Na sisi, watu wenye akili zetu, tulijibu hivi: basi bado hatujampa ya kutosha.

Sasa lazima nieleze habari ya Bibokoboko. Kule juu milimani nilikuwa na rafiki, mwanamke wa wafugaji. Urafiki huo mama zetu ndio walioufunga. Sisi wa ziwani tunapandisha mawese, chumvi na samaki wakavu, wao wanatuteremshia siagi, maharagwe na viazi, na mtu akifika kwa mwenzake analala kama yuko kwao. Wao wanasema Kinyarwanda, sisi Kibembe, katikati tulikutana kwa Kiswahili chetu, na tulielewana vizuri sana. Watoto pia tulipeana. Likizo ya kiangazi wa kwao wanashuka kuogelea, wa kwetu wanapanda kupata baridi.

Binti yangu alipanda mwaka aliotimiza miaka kumi na mmoja. Nilimwambia rafiki yangu mara tatu, "Maziwa hapana. Siagi hapana. Mutoto huyu ni mugonjwa wa mafuta." Nikampa na bidoni ya mawese. Alikuwa abaki wiki nane. Lakini mwezi ule kukawa na vurugu za askari na watu wa msituni, kizuizi kikafungwa, njia ya kupanda ikakatazwa. Wiki zikawa miezi. Habari zilikuja kwa vipande, kwa wapita njia: mtoto yuko hai, mtoto anasoma shule ya kule. Mawese niliyompa yaliisha mapema, na kule hakuna michikichi, baridi haiitaki. Nilikonda kwa wasiwasi. Nilihesabu siku ambazo hali dawa yake.

Njia ilifunguliwa baada ya Noeli. Nilipanda peke yangu, siku nzima ya kupanda, magoti yangu mwenyewe yakilia. Nilimkuta nje ya zizi. Alikuwa anakimbia. Nasema anakimbia, mtoto ambaye kwangu alikuwa akitoka darasani anakaa chini kupumzika. Alifukuza ndama, akamshika shingo, akacheka, ndipo akaniona. Aliponikumbatia nilisikia harufu ya maziwa kwenye nguo zake na kwenye pumzi yake. Nikamshika mikono nikaitazama. Vinundu vya vidole vilikuwa vimelala. Vya viwiko vilikuwa vimebaki vidogo kama punje ya mahindi.

Niliviona. Sitadanganya. Niliviona kwa macho yangu mawili, mchana, jua likiwaka.

Rafiki yangu akasema, "Mama mwalimu, mi sikuwa na kingine cha kumupa. Viazi, maharagwe, maziwa. Nilimuomba Mungu tu. Lakini muangalie."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "We unataka kuniulia mutoto?" Nilimwambia dokta amesoma kuliko yeye na ng'ombe wake wote. Maneno mengine siyaandiki, yananitia aibu. Yeye alikuwa mwanamke wa heshima, aliingia ndani akanitengea maji ya kuoga.

Binti akanifuata nyuma ya nyumba. Hakulia. Alizungumza taratibu kama mtu mzima. "Mama, niache huku. Mwaka moja tu. Huku magoti hainiume tena. Huku ninapumua."

Nikamwambia ni baridi ya milimani inamdanganya. Nikamwambia mafuta ya ng'ombe yanajificha kwanza, kisha yanaua. Hayo dokta hakuyasema, niliyatunga palepale, kwa sababu niliogopa, na mama akiogopa anajua kila kitu. Kesho yake asubuhi tuliteremka. Alitembea mbele yangu bila kugeuka. Rafiki yangu hakunisindikiza mpaka njia panda kama desturi, na tangu siku hiyo mawese yangu hayakupanda tena Bibokoboko.

Nyumbani nikafidia. Karibu nusu mwaka bila dawa, nilisema, tumerudi nyuma sana. Nikamwekea kikombe kidogo cha mawese ya moto kila asubuhi, anywe kabla ya shule. Alikinywa. Mwanzoni alikunja uso, baadaye akawa anakinywa tu, ananirudishia kikombe, anachukua daftari zake. Kabla ya masika kwisha vinundu vilikuwa vimerudi vyote, na vingine vipya.

Alikufa akiwa na miaka kumi na minne, siku ya salongo. Kila Jumamosi asubuhi tulilazimishwa kufanya kazi za serikali bure, na wanafunzi walipewa barabara wapalilie. Watoto wenzake walisema alisimamisha jembe, akashika kifua, akasema anaomba kukaa. Alikaa kando ya mtaro. Walidhani anakwepa kazi, wakamtania. Mume wangu alikuwa ndiye mwalimu wa zamu. Alimbeba mpaka nyumbani mikononi, na alipomlaza kitandani, mimi nilikuwa nimeshapasha mafuta, niko na kijiko, nataka kumfungua mdomo. Mume wangu akanishika mkono. Akasema, "Mama, acha. Ameenda."

Matanga yalipoisha, mume wangu alisimama mbele ya ndugu zake wote, na zile shangazi, akasema kwamba mke wake alimhudumia mtoto huyu mpaka dakika ya mwisho, na asiyejua anyamaze. Niliishi kwa maneno hayo miaka mingi. Utawala ule ukaanguka, vita vikaja, tukakimbia, tukarudi, na mimi nikiona usingizi haunijii najiambia: ulifuata karatasi ya dokta, hukuacha hata siku moja.

Mvulana wetu alibahatika kuvuka akapelekwa nchi za mbali. Alioa binti wa ufuko wetu huuhuu, walikutana kambi ya wakimbizi, wakazaa msichana. Miaka kadhaa baadaye akaniambia kwa simu kwamba mtoto ana vinundu vya njano vya magoti. Wakampima damu, wakampima na vitu vingine ambavyo siku zetu havikuwapo. Halafu akapiga tena, mchana, niko uani na ngazi zangu.

Alinieleza polepole, kama baba yake alivyokuwa akiwaelezea wanafunzi. Kwenye ukuta wa utumbo wetu na kwenye ini kuna vitu vidogo mno, vinaitwa protini, vinakwenda viwiliwili vimeshikana, kazi yao ni kubeba mafuta fulani na kuyatoa nje. Ng'ombe ana mafuta yake, na mimea nayo ina ya kwake, yako ndani ya karanga, ndani ya maparachichi, ndani ya kila kitu kilichoota. Mwili wa mtu hauyataki. Kila tunapokula yanaingia kidogo, na wabebaji wale wanayarudisha yalikotoka, maisha yote, na wewe hujui. Mtoto wao amezaliwa wabebaji hao hawafanyi kazi. Kasoro anairithi mtu kwa baba na kwa mama pamoja, nusu huku nusu huku. Basi kila mafuta ya mmea yakiingia yanabaki. Yanajaa damuni, yanaganda chini ya ngozi, yanaganda kwenye mishipa ya moyo. Dokta wa siku zile, akasema, aliona mafuta damuni akadhani ni ya nyama. Wengi walidhani hivyo.

Nikauliza, "Hata mawese?"

"Hata mawese, mama."

Nikasikia mafuta ya mashini yananitiririkia miguuni, nilikuwa nimeacha kuzuia mti. Nikamwuliza kama mtoto wake atapona. Akasema ipo dawa, kidonge, na chakula kimebadilishwa, na vinundu vimeanza kulala. Ataishi. Kisha akasema lile ambalo alikuwa amelipigia simu. "Mama, we haukujua. Hakuna mutu alijua."

Nikamwambia, "Dada yako alijua. Aliniomba abaki kule juu, nikamurudisha."

Nikamwagiza amwambie mkewe asipokee mafuta yoyote yanayotoka kwangu, hata yakiletwa na mtu wa kanisa, hata nikituma kwa kusahau, amwage. Akasema sawa, mama. Tukaagana.

Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Macho yamekwisha sasa, lakini masikio bado ni ya mwalimu, alikuwa amesikia naongea na mvulana wetu. Akaniuliza dokta wa kule amesema nini, kama ugonjwa ni uleule na tiba ni ileile. Nikamtazama, mtu aliyebeba karanga kichwani kila Jumamosi.

Nikamwambia, "Amesema mutoto ataishi."

Akainua mikono akamshukuru Mungu kwa sauti, akamtaja na binti yetu, akashukuru hata kwa chakula tulichokuwa tukimpa. Mimi nikasema amina.