Kisu Kilicholia Mara Mbili

Sauti ninayoisikia hadi leo ni ya kisu cha kukunja kikifungwa: ta, kisha ta. Visu vingi hulia mara moja tu, makali yanapoingia mpinini. Vile vilivyotoka Ulaya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia vilisita kwanza katikati, kama mgeni anayebisha hodi, ndipo vikafunga. Baada ya vita kiwanda kiliacha kuviwekea kituo hicho cha katikati, na mpini wa pembe ukawa wa mti. Wanunuzi wengi hawakuliona badiliko hilo; Baba aliliona. Alikuwa fundi wa nguzo zinazozuia mwamba katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Wenzake walipoweka akiba zao katika ng'ombe, yeye alinunua visu, vya bei ghali, vya aina ile ile, katika duka lile lile la Kahama. Alivihifadhi katika kopo la biskuti, vimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta ya karafuu. Jumapili tulivipanga juu ya mkeka, nami binti yake nikavitambua kwa kugusa, macho nimeyafumba.

Kimoja hakikukaa koponi. Kilikuwa cha kabla ya vita, chenye mfuo wa kutia ukucha unapofungua makali, ulionyooka badala ya kupinda, na pini ya mwisho ya mpini ilikuwa ya shaba ya manjano ilhali nyingine ni za chuma. Baba alikiita Mpweke, akatembea nacho mfukoni. Nilipomwuliza kwa nini hakikupewa jina la aina yake, alinijibu, "Kabula, kimoja ni ajali ya kiwandani. Viwili ndiyo toleo. Usiseme toleo mpaka ukione cha pili."

Masika moja handaki liliporomoka, na Baba hakurudi. Karani wa mgodi alimwambia Mama, bila kuinua kichwa, kwamba hapakuwa na mtu ndani na kwamba mumewe ametoroka kazi. Hakuna aliyeshuka kutazama. Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu, na ofisi ile iliifanya methali hiyo kuwa sheria. Tulirudi kijijini Nyahanga, karibu na Kahama, kwa baba zangu wakubwa, nao wakakataa kuweka msiba. "Hatunyoi nywele kwa ajili ya mtu aliye hai, Mama Kabula," alisema mkubwa wao. "Labda yuko Mwanza anakula samaki na mke mpya." Watu walicheka. Mama akaishi hivyo, si mke wala mjane, hata kisimani wanawake wakimwuliza kama mtoro ameandika barua.

Siku moja mimi na Mama tukiwa sokoni Kahama, nilisikia nyuma yangu: ta, kisha ta. Mwuza miwa alikuwa amemaliza kumenya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nikukatie pingili ngapi?"

"Naomba ukifungue hicho kisu, halafu ukifunge."

Aliwageukia wenzake. "Jamani, leo nimeletewa mkaguzi! Bibie, muwa unatafunwa, hausikilizwi." Hata hivyo akakifunga, kisha akaniachia nikishike. Mfuo ulinyooka. Pini ya mwisho ilikuwa ya manjano.

"Mayu," nilimwambia Mama, "ni Mpweke."

Mama aliketi juu ya gunia la mpunga la mtu bila kuomba ruhusa. Utani ulimwisha yule bwana. "Sikumwibia mtu, mama. Nilikiokota huko Geita, kwenye kifusi cha handaki lililoporomoka, kilichomwagwa nje ya mgodi." Alifuta maji ya muwa kwenye shati lake, akakitoa kwa mikono miwili.

Kwa ushahidi huo kwamba Baba alikuwa handakini, baba zangu wakubwa waliketi msibani. Mama alinyolewa, akalia kwa sauti, na tangu hapo akalala usingizi. Alikufa akijua kuwa ni mjane.

Nimestaafu kazi ya kuandikisha vizazi na vifo, na sikuwahi kuandikisha kifo cha mtu kwa kuwa tu hakuonekana. Mwaka jana, hapa mtaani Kambarage, jirani yangu, mjane wa dereva wa basi, alikuwa akinimenyea chungwa. Alipofunga kisu, kililia mara mbili. Nilikigeuza: mfuo umenyooka, pini ya mwisho ya manjano. Nilimwuliza kilikotoka. "Cha marehemu. Alikinunua kipya dukani Kahama, zamani hizo. Kaa nacho, dada, naona umekipenda."

Viwili ndiyo toleo. Kumbe duka lile liliviuza vingi, na kisu tulichokililia huenda kilikuwa cha mwanamume mwingine, ambaye naye hakutafutwa. Leo maduka ya Kahama yamejaa visu vya kukunja vinavyolia mara moja, na hakuna anayevisikiliza. Ofisi ya mgodi ilikuwa na taa, kamba na watu wa kushuka, ikaliachia sikio la mtoto kazi ya kumtafuta Baba. Sitaisamehe.

Jumapili hii nimetandika mkeka, nikavifunga vyote viwili, kile cha sokoni na cha jirani, macho nimeyafumba. Siwezi kuvitofautisha.