Achukue vya Jioni

Mdogo wangu alipopata nafasi ya kusoma shahada ya sheria, baba mdogo alituita nyumbani kwake Bwiru. Chuo kipo hapa hapa Mwanza, lakini sisi tulikuwa tunaishi ng'ambo ya ziwa, Kamanga, na kivuko cha mwisho hakimsubiri mwanafunzi. Ilibidi binti apate pa kukaa mjini, na baba mdogo alitaka kututangazia kwamba pamepatikana.

Baba mdogo hawezi kuomba chumvi mezani bila kuanzia kwenye historia ya ukoo. Alianzia Bukoba, akapita kwenye kahawa ya babu, akataja mazishi ya wazazi wetu, ambayo huyataja kila anapotaka tunyamaze. Mwisho akafika.

"Mwanasheria wa kwanza wa ukoo huu atatokea katika nyumba hii."

Nyumba hiyo naijua. Niliingia humo mwaka tuliomzika mama, wadogo zangu wakaenda kwa bibi. Mimi kama mkubwa niliambiwa nitasomeshwa. Nilisoma sabuni za aina zote. Hakuna aliyenifukuza shule. Ila kila asubuhi kulikuwa na mtoto wa kuvalishwa soksi, nami nikifika shuleni nakuta geti limefungwa. Kidato cha pili sikukimaliza. Baba mdogo akawaeleza majirani kwamba nina kichwa kizito.

Mama mdogo, mkewe, alikuwa ameketi kando yake. Alimenya chungwa, akalila nusu, ndipo akamgeukia mdogo wangu.

"Hongera mwanangu. Vipindi vinaanza saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, mama."

"Jioni hawafundishi?"

"Wanafundisha, ila ni kwa walio kazini."

"Basi achukue vya jioni," alimwambia mumewe. "Gari la shule linapita alfajiri, na huyu wetu wa mwisho asiposhikiwa kijiko hali."

Baba mdogo alitafakari kama jaji. "Sheria ni ile ile. Jinai haibadiliki jua likizama."

Nilimtazama msomi huyo, mwenye vyeti vyake ukutani, akipanga shahada ya mtu kwa kufuata uji wa mwanawe. Sikupata hata hasira. Nilihisi kinyaa, kama mtu aliyefunua sufuria ya juzi.

Kibaya zaidi, mdogo wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa. "Dada, nitavumilia," alininong'oneza. "Ni miaka michache."

"Na mimi niliambiwa michache," nikasema wote wasikie. "Huyu hatakaa hapa."

Baba mdogo akacheka. "Jamani! Muuza sangara ndiye anayempangia mtu chuo kikuu?"

"Ndiye, baba. Asubuhi atakuwa darasani."

"Na usiku atalala wapi? Stendi?"

"Tutatafuta."

"Sasa mimi nani atanisaidia watoto?" mama mdogo aliropoka.

"Nitakutafutia msichana wa kazi, mama. Mzuri kabisa. Ila huyo utamlipa."

Baba mdogo alisimama, akatuambia tukiuvuka mlango ule tusirudi kumlilia. Tuliwaaga kwa adabu, maana sisi tulilelewa, tukatoka.

Mdogo wangu alilia njia nzima. "Umenifungia mlango, dada."

"Ule ulikuwa mlango wa jikoni."

Hata mimi sikujua tungelala wapi mjini. Kabla chuo hakijafunguliwa nikapata chumba kimoja karibu nacho, nikahama Kamanga, tukaning'iniza pazia katikati. Sasa nauza samaki sokoni Kirumba. Nasikia baba mdogo huwaambia watu kwamba anasomesha mwanasheria. Aendelee, mdomo ni mali yake. Mdogo wangu bado hajanishukuru. Hulalamika kwamba madaftari yake yananuka samaki, na wenzake wanamcheka.

Alalamike. Hulalamika akiwa ameshika mkoba, anawahi kipindi cha saa mbili.