Mtori wa Mzazi Nilioula Mimi

Hili ni jambo nililopanga kwenda nalo kaburini, na kama si dada yangu mwenyewe kuniruhusu nilisimulie, mngeendelea kuniona mimi Anande yule yule, mpole, asiyekula. Ndivyo nilivyojulikana. Kwenye sherehe sahani yangu ilikuwa na vijiko viwili vya wali na kipande kimoja cha nyama, watu wananibembeleza niongeze, nakataa, halafu wanashangaa huu mwili unatoka wapi (mama alikuwa anawajibu kwamba ni wa ukoo, Mungu amsamehe). Ukweli ni kwamba tangu nimalize chuo nikaanza kuzunguka mjini na bahasha ya vyeti bila kupata kazi, nilikuwa nakula peke yangu, mlango umefungwa, haraka haraka, mpaka tumbo linauma, na nikimaliza nalia na kuapa kwamba ndiyo mwisho. Kesho yake naanza tena.

Sasa dada Upendo akajifungua. Anaishi Olasiti na mume wake Elisante, ambaye ni dereva wa watalii, wiki nzima yuko porini na wageni. Mama yetu yuko Kikatiti na miguu inamsumbua, kwa hiyo nikatumwa mimi nikasaidie kufua nepi. Kupika haikuwa kazi yangu. Mpishi alikuwa mama mkwe wa dada, Mama Elisante, aliyeshuka kutoka Machame na mbuzi wawili na mikungu ya ndizi, maana kwa Wachaga mzazi anakaa ndani miezi mitatu analishwa, na akitoka amekonda aibu siyo yake, ni ya mama mkwe. Watu watasema alimnyima mke wa mwanawe.

Mama Elisante hata jiko la gesi hakuligusa. Alipanga mafiga uani, akawa anaamka kabla hakujapambazuka anapika mtori, ndizi zilizopondwa na nyama, wenye mafuta, na supu ya mbuzi, anapakua bakuli kubwa, ananikabidhi mimi nipeleke chumbani, kwa sababu magoti yake na zile ngazi za mlangoni vilikuwa havipatani. Siku ya tatu dada akaonja vijiko viwili, akakunja uso.

"Mdogo wangu, haya mafuta yananichefua. Hebu nimalizie, mama akiona bakuli limerudi limejaa atanuna."

Ningeweza kusema tumwombe tu mama apunguze mafuta. Nilichofanya ni kuingia na bakuli bafuni, nikafungulia bomba lipige kelele, nikamaliza lote nimesimama. Mama Elisante alipoona bakuli tupu alipiga kigelegele peke yake pale uani, akachukua simu akampigia dada yake Machame: "Mzazi wangu anakula!" Kesho yake bakuli likaongezwa.

Kama ingeishia hapo ningesema nilikuwa namsaidia dada. Lakini baada ya wiki mbili hivi kichefuchefu kilimwisha, akaanza kuulizia chakula mwenyewe, na mimi (hapa ndipo ninaposhindwa kuwatazama usoni) nikaanza kupunguza njiani. Kwanza vipande viwili vya nyama. Kisha nusu bakuli. Kisha siku nyingine namwambia, "Mama amesema leo unywe uji kwanza," na mtori wote uko tumboni mwangu. Dada anasema haya, anakunywa uji wake, ananyonyesha. Tulipokwenda kliniki nesi akamwambia damu imepungua, ajitahidi kula. Nilikuwa nimekaa pale pale nimeshika kadi ya mtoto, nikajiambia leo basi, sirudii, na jioni ile ile nikanywa supu yake nyuma ya mlango wa bafu. Sijui niwaelezeje mkanielewa. Unajiona unafanya, unajikataza, na mkono unaendelea kuchota.

Mwezi wa pili, Jumamosi moja, akina mama wa jumuiya wakaja kumwona mtoto na kusali. Siku hiyo hiyo akashuka yule dada yake Mama Elisante, tunamwita Mama Mkubwa, ambaye dada yangu alikuwa amemwona mara moja tu, siku ya harusi, tena chini ya shela. Sebule imejaa, wanawake kama kumi na wawili, na mimi nimekaa kwenye kochi kubwa nimempakata mtoto kwa sababu dada alikuwa chumbani anabadili nguo. Nilikuwa nimevaa dera lake, maana nguo zangu zilikuwa hazifungi tena.

Mama Mkubwa akaingia, akasalimia wote, akaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Ee, Mungu ni mwema! Hebu mwoneni mzazi! Mashavu haya! Hapa mtu amelishwa, siyo mchezo."

Sijafumbua mdomo, kitenge kipya alichomletea mzazi kiko mabegani mwangu, na wanawake (nusu yao walikuwa hawatujui vizuri) wamepokea kwa vigelegele. Hapo nilitakiwa kusema siyo mimi. Nilitabasamu. Jamani, nilitabasamu!

Mlango wa chumbani ukafunguka, dada akatoka ameshika ukuta, mifupa ya shingo inahesabika, dera linaning'inia.

"Na huyu binti mgonjwa ni nani?" Mama Mkubwa akauliza. "Mpisheni akae."

"Ndiye Upendo," jirani mmoja akajibu kwa sauti ya chini. "Ndiye mzazi."

Vigelegele vilikatika. Mama Mkubwa akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka uani, akasema kitu kwa Kichaga, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote tusikie: "Mbuzi wawili. Ulimlisha nani?"

Maskini Mama Elisante! Mama wa watu aliyeamka alfajiri miezi miwili, macho mekundu kwa moshi, anaonekana mbele ya kanisa zima kwamba amemshindisha njaa mkwe wake! "Alikuwa anakula," alisema. "Nilimwona anakonda, nikazidi kuongeza, na mabakuli yalikuwa yanarudi matupu. Upendo, si ulikuwa unakula?"

Dada akanitazama mimi kwanza. Alijua. Tangu lini, sijui, lakini alikuwa anajua, na hata hivyo akasema, "Ndiyo, mama, nilikuwa nakula. Ni mwili wangu tu."

Mtu niliyemnyang'anya chakula mdomoni alikuwa ananifichia!

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa nakula mimi. Bafuni."

"Bafuni?" mama mmoja akarudia, akaziba mdomo.

Mama Elisante hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza taratibu, "Ulikuwa na njaa, mwanangu? Si ungeniambia nikupakulie?"

"Sikuwa na njaa, mama."

Hata mimi nilishangaa, maana sikuwahi kujisikia nikilisema kwa sauti. Njaa wangenisamehe kabla ya sala ya kufunga. Hili hawakujua waliweke wapi. Mama Mkubwa akainuka, akakivua kile kitenge mabegani mwangu, akakikung'uta kana kwamba kimeingia vumbi, akamvika dada.

Mama Elisante hakunisemesha siku mbili. Akaanza kupeleka bakuli mwenyewe, anapanda ngazi moja, anapumzika kashika goti, anapanda nyingine, na mimi niko pale na beseni la nepi naangalia. Dada ndiye aliyenishika mkono tukarudi kliniki, nikamweleza nesi kila kitu nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakushangaa hata kidogo. Alisema ni ugonjwa, una matibabu, siyo ulafi, akanielekeza kwa mtu ninayekwenda kuzungumza naye kila wiki mpaka sasa.

Kwa hiyo msinisikie naapa kwamba sitarudia, viapo nilivyokwisha kula ni vingi kuliko huo mtori. Nimeapa kimoja tu: likinishinda, namwambia mtu siku hiyo hiyo. Jumapili iliyopita lilinishinda. Nilikaa sakafuni nusu saa nzima natazama simu, ndipo nikampigia dada.

"Dada, imetokea."

"Umekula nini?"

Nikamtajia kimoja kimoja, hata vile ambavyo asingevijua kamwe.

"Haya," akasema. "Leo umeniambia mwenyewe."

Alipokata nilibaki na simu sikioni. Aibu ilikuwa pale pale, nzito kama siku ya kitenge, ila safari hii tulikuwa wawili tuliokuwa tunaijua.