Miti ya Mwanarusi katika Shamba la Chome

Mwanarusi wa Mwabungo aliishi kwa mti. Nyuma ya nyumba yake ulisimama mbambakofi aliourithi kwa mamake, na maganda yake, mapana kama kiganja na magumu kama ubao, yalibeba mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja ikiwa na kofia nyekundu. Mbegu hizo alizitoboa, akazitunga shanga, akawauzia wageni wa Diani. Kwa shanga hizo alimlea bintiye Twaiba baada ya kufiwa na mume.

Kiangazi kimoja alikwenda Jego kwenye matanga ya shangazi yake. Aliporudi alikuta kisiki kibichi. Chome, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa ameukata mti, na mbao zilikwisha fika kwa mafundi wa milango Ukunda.

"Ulikuwa umekufa, shemeji," Chome alisema mbele ya wazee. "Haukuwa na hata jani moja. Nimekuokoa, usije ukakuangukia."

Wazee walijua. Ni nani asiyejua kwamba mbambakofi hupukutisha majani yote kiangazi, kisha masika yakikaribia huchipua upya? Lakini walikuwa wamekula pilau ya Chome juzi yake, na kinywa kilichoshiba ni kizito. Mkubwa wao, Mzee Shutu, alijishughulisha na vifungo vya kanzu yake.

Mwanarusi alilia. Chome akacheka. "Mti tu huo, jamani! Kama waupenda hivyo, kapande mwingine. Hata shambani kwangu, kapande utakavyo!"

Machozi yakakatika papo hapo. "Wazee, mmesikia? Amesema nikapande kwake."

"Tumesikia," alijibu Mzee Shutu, akishukuru kwamba kesi imekwisha.

Nyumbani lilikuwako kopo la mbegu za mwisho. Mwanarusi hakuzitunga. Alizifukia zote katika shamba la Chome, penye mchanga, mawe ya matumbawe na jua kali, mahali ambapo mti ule hupenda kuota. Mila ya hapo haikuwa na utata: mti ni wa aliyeupanda, na aliyetoa ruhusa mbele ya wazee hawezi kuung'oa.

Miche ilimchelewesha. Mbambakofi hushusha mizizi kwanza, na kimo hufuata baadaye. "Polepole, wanangu," aliiambia, akiizungushia miiba dhidi ya mbuzi. "Nami sina haraka." Alijua kila badiliko: majani machanga yenye wekundu wa shaba, kisha ya kijani, laini, yamepangwa mawili mawili, gome la kijivu lililobanduka vipande vya duara, na hatimaye ua lenye petali moja tu, nyekundu. Wengine waliomba mvua. Yeye katika dua hiyohiyo aliomba mvua na fedheha ya Chome.

Chome alipopita aliguna kwa kicheko. "Nimepata mtunza bustani wa bure!"

"Naam, shemeji," alijibu, akaendelea kumwagilia.

Twaiba aliolewa, akapata watoto, akambembeleza. "Samehe, mama. Mungu huwapenda wasamehevu."

"Nitasamehe, mwanangu. Ngoja wale wa shambani wazae."

Mwaka miti ilipozaa maganda ya kwanza, Chome alileta mnunuzi. Alikuwa Judy, mwanamke wa bara aliyetaka kujenga nyumba za wageni. Kilikuwa kiangazi, na miti yote ilikuwa mitupu. Mwanarusi alisikia habari, akamchukua Mzee Shutu, wakaenda.

"Shikamoo, mzee," Judy aliamkia, kisha akamgeukia Chome. "Lakini hii miti imekufa yote! Mimi nataka plot iko na shade, wageni wakae chini. Hapa ni kama jangwa, bwana."

Mwanarusi alifunga mdomo. Alikuwa ameungoja mdomo mwingine.

"Imekufa wapi, dada!" Chome aliruka. "Hii ni mibambakofi! Hupukutisha kiangazi tu. Kwaruza gome uone." Alikwaruza mwenyewe kwa ukucha, chini yake kukaonekana kijani kibichi. "Masika yakianza, utaona majani. Hapa kwetu hata mtoto mdogo anajua."

"Mzee Shutu," Mwanarusi aliita taratibu, "umesikia?"

Safari hii hapakuwa na vifungo vya kumwokoa mzee. "Nimesikia," alisema. "Basi na ule wa kwanza ulikuwa hai, Chome. Nasi tulijua."

Judy alimtazama huyu na yule. "Sasa hii miti ni ya nani?"

"Ni yangu," Mwanarusi alisema. "Muulize mwenye shamba nani aliniambia nipande."

"Ni yake," Mzee Shutu alikubali. "Aliruhusiwa mbele yetu."

"Aa, zii. Sinunui shamba lenye miti ya mtu," Judy alisema, akarudi garini.

Chome alibaki amesimama kati ya matawi matupu. "Shemeji, wataka nini kwangu? Sema nikupe. Nitang'oaje mkosi huu?"

Mwanarusi aliinama, akaokota ganda lililopasuka, akahesabu mbegu zake kwa kidole kama mtu anayevuta tasbihi. Kifua chake kilikuwa chepesi, na hakuona haya.

"Shamba tu hilo, jamani," alisema. "Kama wapenda hivyo kuliuza, katafute jingine."

Akazitia mbegu katika pindo la leso, akaenda zake kutunga shanga.